Elimu pana chuo kikuu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huletwa kwangu na wanafunzi wanaojaza fomu za kuchagua kozi, wazazi wanaolipa ada, na wahadhiri wenzangu wanaoona muda wa fani yao unamegwa. Nimeyajibu kama ninavyoyajibu ana kwa ana. Mengine yanamalizika kwa sentensi tatu, mengine nimekaa nayo miaka.

Elimu pana ni nini hasa?

Ni mpango wa shahada ya kwanza unaomtaka mwanafunzi, pamoja na fani anayobobea, apite kwa dhati katika njia nyingine za kujua: ya mwanahistoria anayepima ushahidi, ya mwanahisabati anayethibitisha, ya mwanasayansi anayejaribu na kushindwa, ya msomaji wa fasihi anayesikiliza neno moja mpaka liseme. Naomba ushikilie hayo maneno "kwa dhati". Kuhudhuria mihadhara kumi ya utangulizi na kuikariri kwa ajili ya mtihani hakumpanui mtu, kunamchosha tu. Kinachotakiwa ni kukaa ndani ya fani ya ugenini muda wa kutosha hadi uone wenyeji wake wanavyofikiri, na uone pia mahali ambapo mazoea yako mwenyewe yanakudanganya.

Mbona wengine huiita elimu huria?

Jina la asili ni la Kilatini, artes liberales, yaani stadi zinazomfaa mtu huru. Tafsiri ya "huria" si kosa, ila Kiswahili kimeshalipa neno hilo kazi nyingine: tuna soko huria, tuna chuo kikuu huria. Anayesikia "elimu huria" hudhani ni masomo ya mbali, au masomo yasiyo na masharti. Ndiyo maana naandika "elimu pana".

Hata hivyo, uhuru uliomo katika jina la zamani usitupotee, pamoja na aibu yake. Seneca, Mroma wa karne ya 1, alieleza kwamba stadi hizo zimeitwa hivyo kwa sababu zinamstahili mtu huru. Kinyume cha mtu huru, kwa Warumi, alikuwa mtumwa, na mtumwa hakuhesabiwa kuwa na haja nazo. Karne nyingi baadaye, huko Marekani, bwana mmoja alimkuta mkewe akimfundisha mtoto mtumwa herufi. Alimkataza papo hapo, akisema kwamba mtumwa akijua kusoma hafai tena kuwa mtumwa. Mtoto huyo alikuwa Frederick Douglass. Katika simulizi ya maisha yake aliyoichapisha mwaka 1845 anaeleza kwamba maneno yale ndiyo yaliyomwonyesha njia ya kutoka utumwani ilipo. Yule bwana aliielewa thamani ya elimu kuliko watu wengi wanaoitetea leo.

Lakini hii si elimu ya Wazungu?

Sehemu ya historia yake iko Ulaya, hilo halina ubishi. Vyuo vikuu vya zama za kati vilimpitisha kijana katika stadi saba kabla hajafika kwenye sheria, tiba au theolojia: sarufi, mantiki, balagha (yaani ufundi wa kusema vizuri), hesabu, jiometri, muziki na falaki. Sasa yasome majina hayo tena kwa Kiswahili. Sarufi, mantiki, balagha, hesabu, falaki: matano kati ya saba yametufikia kutoka Kiarabu. Lugha yetu yenyewe ni shahidi kwamba masomo haya yalikuwa na makao mengine, na kwamba hayakutungoja tuyaazime kutoka Paris au Oxford.

Ibn Rushd, aliyezaliwa Cordoba mwaka 1126, alikuwa kadhi, tabibu na mwanafalsafa, akaandika kitabu kikubwa katika kila moja ya fani hizo tatu. Huko China ya kale kijana wa kuheshimika alifunzwa stadi sita: adabu za ibada, muziki, kulenga mshale, kuendesha gari la farasi, uandishi na hesabu. Nalanda, kituo cha masomo cha Wabudha huko India, kilimpokea Xuanzang, mtawa wa Kichina wa karne ya 7, aliyekuta watu wakisoma mantiki, sarufi na tiba kando ya maandiko ya dini. Kila jamii iliyotaka kulea watu wa kuaminiwa na mambo ya wengine imewahi kufikia uamuzi kwamba fundi wa jambo moja tu hatoshi.

Nasomea uhandisi. Historia na fasihi zitanisaidia nini?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na nalijibu kwa sentensi moja ambayo huwa naiandika ubaoni siku ya kwanza:

"Wakazi walihamishwa ili kupisha mradi."

Sentensi kama hii imo katika ripoti nyingi za miradi duniani, na wanafunzi wa uhandisi huisoma bila kusita. Tunaisoma mara ya pili, polepole. Walihamishwa: na nani? Kitenzi kimekaa katika hali ya kutendwa, na mtendaji ametoweka. Wakazi: wangapi, na walikuwa wakazi tangu lini? Walihamishwa kwenda wapi? Kisha tunafika kwenye neno ambalo kwa kawaida hakuna aliyeliona, nalo ni "kupisha". Kupisha ni tendo la hiari. Unampisha mzee njiani, unampisha mgonjwa kwenye foleni, kwa adabu yako mwenyewe. Neno hilo moja limewafanya watu waliobomolewa nyumba waonekane kama wamesogea pembeni kwa heshima ili mradi upite.

Darasa huwa linanyamaza hapo. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu alifungua ripoti yake ya mafunzo kwa vitendo pale pale kwenye kiti, akahesabu mara ngapi ameandika "ilionekana inafaa", na akaniuliza kama anaweza kuirudisha nyumbani aiandike upya. Alikuwa hodari wa mahesabu ya zege kabla hajaja kwangu, na sikumwongezea chochote upande huo. Alichopata ni jicho la kuona kwamba ripoti ya kihandisi nayo ni maandishi, kwamba ina msimulizi, na kwamba msimulizi huyo anaweza kuficha watu.

Upo pia mfano mkubwa zaidi. Jioni ya tarehe 27 Januari 1986 wahandisi wa kampuni iliyotengeneza roketi za chombo cha anga Challenger walipinga kwa simu kurushwa kwake kesho yake. Baridi ilikuwa kali kuliko ilivyowahi kuwa siku ya kurusha, nao walihofia kwamba pete za mpira zinazoziba maungio ya roketi zingekakamaa. Wakubwa wao walijitenga kujadiliana, na mmoja wao akamwambia mkuu wa uhandisi avue kofia ya uhandisi, avae ya umeneja. Akaivua. Idhini ikatolewa, na asubuhi chombo kilivunjika sekunde 73 baada ya kuruka. Watu saba walikufa.

Sisemi kwamba kozi ya historia ingewaokoa. Ninachokiona ni hatari ya kuamini kwamba mtu anaweza kukatwa vipande, kwamba kuna "mimi mhandisi" anayejua jambo na "mimi meneja" asiyelazimika kulijua. Elimu inayomfungia kijana ndani ya fani moja kwa miaka minne humzoesha kuamini hivyo. Humwambia kila siku kwamba mambo ya haki, ya maneno na ya binadamu yana wataalamu wake, yeye ashughulike na pete. Elimu pana inakataa mgawanyo huo tangu mwaka wa kwanza. Inamtaka mtu yule yule anayekokotoa ndiye aulize nani ataumia, ndiye aandike sentensi inayoeleweka, ndiye asimame nayo wakubwa wanapokunja uso. Huo ndio moyo wa jambo lote hili kwangu, na majibu mengine humu ni matawi yake.

Mshika mbili moja humponyoka. Si bora nibobee fani moja vizuri?

Methali hiyo ni ya kweli kwa anayefanya shahada mbili nzito kwa pamoja, na nimewashauri wengi waache moja. Elimu pana haikutaki ubobee mara mbili. Ubobezi mmoja unabaki, na unapaswa kuwa mkali. Katika vyuo vya Marekani, ambako mfumo huu una mizizi mirefu, masomo ya jumla mara nyingi huchukua karibu theluthi ya shahada ya kwanza.

Tena ubobezi wenyewe hulishwa kutoka nje. Mwaka 1854 George Boole alichapisha kazi iliyogeuza mantiki kuwa aljebra: kweli ikawa 1, uongo ukawa 0, na "na", "au", "si" zikawa alama za kukokotoa. Alikuwa akitafuta sheria za fikra, hakuwa na mashine akilini. Kwa miaka themanini hivi mambo hayo yalibaki mikononi mwa wanamantiki na wanafalsafa. Kisha Claude Shannon, aliyehitimu Chuo Kikuu cha Michigan mwaka 1936 katika uhandisi wa umeme na hisabati, na aliyekutana na mantiki ya Boole akiwa mwanafunzi huko, akaenda MIT, chuo cha teknolojia cha Massachusetts, kushughulikia saketi za swichi. Swichi iliyofungwa inapitisha umeme, iliyo wazi haipitishi. Mbili zikipangwa kwa mfuatano, umeme hupita iwapo hii na ile zote zimefungwa. Zikipangwa sambamba, hupita iwapo hii au ile imefungwa. Akaiona aljebra ya Boole imelala ndani ya nyaya. Tasnifu yake ya uzamili ya mwaka 1937, akiwa na miaka 21, ndiyo msingi wa saketi za kidijitali zilizomo kwenye kifaa unachosomea maneno haya. Wahandisi wa swichi walikuwa wengi, na waliojua mantiki ya Boole walikuwepo. Waliokuwa na vyote viwili kichwani kwa wakati mmoja walikuwa adimu mno.

Na sisi wa sanaa, tunadaiwa nini upande wa sayansi?

Mnadaiwa sawasawa, na hapa nawaonea uchungu, kwa sababu wahadhiri wenu mara nyingi huwaachia. "Mimi na hesabu hatupatani" husemwa kwa tabasamu. Hakuna anayetabasamu akisema hajui kusoma.

Jaribu hili. Ugonjwa fulani humpata mtu 1 kati ya 1,000. Kipimo chake hakimkosi mgonjwa, ila katika kila wazima 100 huwasingizia 5. Umepimwa bila kuwa na dalili yoyote, jibu limetoka kwamba unao. Uwezekano kwamba kweli unaumwa ni kiasi gani? Wengi husema asilimia 95. Hesabu kwa vidole: kati ya watu 1,000 mgonjwa ni 1, na wazima wanaosingiziwa ni kama 50. Waliopewa jibu baya ni kama 51, anayeumwa ni mmoja. Uwezekano ni karibu asilimia 2. Swali la namna hii waliulizwa watu 60 katika hospitali za kufundishia za Harvard, madaktari na wanafunzi wa udaktari, na matokeo yakachapishwa mwaka 1978. Waliojibu sawasawa walikuwa 11.

Ikiwa wao waliteleza, mwandishi wa habari, hakimu na mbunge wasiojua kabisa takwimu watatuongoza wapi? Kozi moja nzuri ya takwimu na moja ya maabara, ambamo jaribio lako linakataa kutoa jibu ulilolitaka, ni deni la kila anayesoma sanaa au insia, yaani masomo ya binadamu kama historia, lugha na falsafa.

Nitapata kazi? Na mshahara je?

Nitakwambia ukweli wote. Anayehitimu uhandisi au kompyuta, kwa wastani, huanza na mshahara mkubwa kuliko anayehitimu falsafa au historia. Anayekuficha hilo hakutakii mema. Lakini utafiti wa David Deming na Kadeem Noray, uliochapishwa mwaka 2020 kwa takwimu za Marekani, ulionyesha kwamba faida hiyo ya waliosoma fani za teknolojia huwa kubwa kabisa wanapoanza kazi, na hupungua kwa zaidi ya nusu ndani ya miaka kumi ya kwanza. Sababu waliyoitoa ni kwamba ujuzi wa fani hizo huchakaa haraka. Lugha ya programu uliyofundishwa inapitwa, mashine mpya zinakuja, na kijana aliyehitimu jana anakuja nazo.

Kwa hiyo usiache uhandisi kwa sababu ya maneno yangu. Usome, na ndani yake ujenge kile kisichochakaa: kusoma jambo gumu peke yako, kuliandika likaeleweka, kujifunza upya bila kuona haya.

Mwalimu, mwanangu anataka kusomea falsafa. Nimruhusu?

Mzazi mwenzangu, muulize kwanza amesoma nini cha falsafa bila kulazimishwa. Akikujibu kwa nusu saa na macho yanang'aa, mruhusu, kisha mwombe achukue pia takwimu na lugha moja ya kigeni hadi aweze kuifanyia kazi. Akikosa la kusema, huenda anakimbia hesabu, na hilo ni la kuzungumza kabla ya kulipa ada.

Daktari ana haja gani na michoro na riwaya?

Katika Chuo Kikuu cha Yale, daktari wa ngozi Irwin Braverman aliwapeleka wanafunzi wa udaktari kwenye jumba la sanaa. Kila mmoja hukaa mbele ya mchoro mmoja, akautazama kwa dakika kadhaa, kisha akaeleza anachokiona. Kanuni ni kwamba usikimbilie maana. Usiseme "ana huzuni". Sema kope zimeshuka, kidevu kimeelekea kifuani, mkono wa kushoto umeshika nguo kwa nguvu, mwanga unatoka kulia. Huzuni itakuja baadaye, ikiwa na ushahidi wake. Utafiti wao uliochapishwa mwaka 2001 ulionyesha kwamba wanafunzi waliopitia zoezi hilo walieleza picha za wagonjwa kwa ukamilifu kuliko wenzao. Mgonjwa aliyeketi mbele yako naye huja na kope, kidevu na mkono, na daktari mwenye haraka humwandikia jina la ugonjwa kabla hajamtazama.

Huko New York, shule ya tiba ya Mount Sinai ilianza mwaka 1987 kuchukua baadhi ya wanafunzi kutoka fani za insia na sayansi za jamii, bila kuwadai masomo yote ya sayansi ambayo wengine hudaiwa kabla ya kuanza udaktari. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2010 ilikuta kwamba walifanya masomo yao ya udaktari sawa na wenzao.

Hii si anasa ya watoto wa matajiri?

Swali hili linaniuma, kwa sababu kwa sehemu kubwa ni kweli ilivyo, na si kweli inavyopaswa kuwa. Vyuo vidogo vya Marekani vinavyosifika kwa elimu hii, kama Amherst na Swarthmore, vina ada inayotisha, ingawa vinatoa misaada mingi. Lakini angalia ni nani katika historia aliyewaambia maskini kwamba wao wanahitaji ufundi tu. Sheria ya Elimu ya Kibantu ya mwaka 1953 huko Afrika Kusini ilitungwa na watu waliotaka Mwafrika asomeshwe kiasi cha kuhudumu, asivuke hapo. Watoto wao wenyewe waliwasomesha historia, lugha na sayansi.

Mabishano ya dhati zaidi yalikuwa baina ya watu wenyewe waliokandamizwa. Booker T. Washington, aliyeanzisha shule ya Tuskegee mwaka 1881, aliamini kwamba watu weusi wa Marekani waliotoka utumwani waanze na ufundi na kazi za mikono, heshima ifuate. W. E. B. Du Bois, msomi mweusi wa Marekani, hakudharau ufundi. Mwaka 1903 alimjibu kwamba hata Tuskegee isingeweza kufungua milango siku moja bila walimu waliotoka kwenye vyuo vya watu weusi vilivyofundisha elimu ya juu. Nimelisoma jibu hilo mara nyingi na sijaona lililolipindua. Watu wanaopewa ufundi peke yake watabaki wakingoja wengine waamue kijengwe nini, kwa ajili ya nani.

Ashesi, chuo kilichofunguliwa Ghana mwaka 2002 na Patrick Awuah, mhandisi wa programu, kiliamua tangu mwanzo kwamba wanafunzi wa kompyuta na biashara wapite pia katika msingi wa insia na sayansi za jamii. Aliyeanzisha alikuwa mtu wa teknolojia, na hicho ndicho alichoona kinakosekana.

Kwa nini mlazimishe? Si mwanafunzi ni mtu mzima?

Kwa sababu hakuna anayeweza kutamani asichowahi kukionja. Harvard, chini ya Charles Eliot aliyekuwa rais wake kuanzia 1869 hadi 1909, iliwaachia wanafunzi wachague karibu kila kitu. Waliofuata walirudisha masharti, kwani wengi walikuwa wakiokota kozi nyepesi za utangulizi huku na huku. Mimi napendelea kozi chache za lazima, zilizo ngumu na zenye walimu bora, kisha uhuru mpana baada ya hapo. MIT, ambako hakuna anayekwenda kutafuta mashairi, humdai kila mwanafunzi wa shahada ya kwanza masomo manane ya insia, sanaa na sayansi za jamii.

Siwezi kuyasoma haya mwenyewe mtandaoni?

Kusikiliza mihadhara, ndiyo, na nakuhimiza. Usichokipata huko ni mtu wa kukukatalia uso kwa uso, aliyesoma ukurasa ule ule usiku uliopita na akaelewa kinyume chako. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na semina ndipo mahali unapoziona za wengine kwa karibu.

Akili mnemba inaandika insha siku hizi. Kwa nini nihangaike kujifunza kuandika?

Insha unayoandikia darasani haihitajiki na mtu yeyote. Mimi ninayeisahihisha nina insha za kutosha maisha yote. Nakuagiza uiandike kwa sababu ya kile kinachotokea kwenye aya ya pili, unapogundua kwamba ulichodhani unakijua hakikai kwenye sentensi. Unarudi kwenye kitabu. Unafuta. Unaona kwamba sababu yako ya kwanza inapingana na ya tatu, na unalazimika kuchagua. Pale ndipo unapofikiri, na mashine ikikuandikia imekuondolea hapo hapo.

Kuna la pili. Chombo kinachotoa majibu laini kwa kila swali humhitaji zaidi mtu anayeweza kukisoma kwa mashaka, akasema: hapa mtendaji ametoweka, hapa takwimu haina msingi, hapa nukuu haikuwahi kuwepo. Huyo hapatikani kwa kusomea madesa.

Je, elimu hii humfanya mtu kuwa mwema?

Hapana. Tarehe 20 Januari 1942 watu 15 walikutana Wannsee, Berlin, kupanga utekelezaji wa mauaji ya Wayahudi wa Ulaya, na zaidi ya nusu yao walikuwa na shahada za uzamivu. Tangu nilipojua hilo niliacha kuitetea elimu pana kwa ahadi ya wema. Inampa mtu macho ya kuona anachokitenda, na kumwondolea kisingizio cha kutojua. Afanye nini baada ya kuona, hilo liko mikononi mwake.

Vyuo vinaikosea wapi?

Kwanza, kwa kuigeuza kozi za pembeni. Ukumbi wa watu 600, mhadhiri wa muda asiye na ofisi, mtihani wa kuchagua jibu, na mwanafunzi anaondoka akiamini historia ni orodha ya miaka. Chuo nilichoanzia kazi kilikuwa hivyo, na mimi nilikuwa mmoja wa wahadhiri hao.

Pili, kwa kuogopa kuwapa wanafunzi kazi. Mwaka 2011 Richard Arum na Josipa Roksa walichapisha matokeo ya kufuatilia wanafunzi wa vyuo vingi vya Marekani: asilimia 45 hawakuonyesha maendeleo ya maana katika kufikiri na kuandika kwa miaka miwili ya kwanza. Waliopiga hatua zaidi walikuwa na kozi zinazodai kusoma zaidi ya kurasa 40 kwa wiki na kuandika zaidi ya kurasa 20 kwa muhula. Upana usio na kusoma wala kuandika ni jina tu.

Inaenea au inakufa?

Yote mawili. Chuo Kikuu cha Melbourne kilipunguza shahada zake za kwanza mwaka 2008 zikawa chache na pana. Hong Kong iliongeza mwaka mzima kwenye shahada ya kwanza kuanzia 2012, na sababu mojawapo ilikuwa hii. Uholanzi imekuwa na vyuo vya namna hii tangu Utrecht ilipofungua chake mwaka 1998. Kwa upande mwingine, Chuo Kikuu cha Taifa cha Singapore (NUS) kilitangaza mwaka 2021 kwamba Yale-NUS, chuo kilichopokea wanafunzi wa kwanza mwaka 2013, kingefungwa.

Nichague vipi kozi za nje ya fani yangu?

Mfuate mwalimu kabla ya jina la kozi. Waulize waliotangulia ni kozi gani iliyowafanya wabishane bwenini hadi usiku, halafu ujisajili hiyo, hata kama inahusu kitu ambacho hujawahi kukifikiria. Chukua angalau moja unayoiogopa. Na usizipange zote mwaka wa mwisho, kwani zitakuwa zimechelewa kuigusa fani yako.

Chuo changu hakina kozi hizi kabisa. Nifanyeje?

Tafuta wenzako wanne au watano, wasiwe wa fani moja. Wekeni saa moja kwa wiki, siku ile ile, mahali pale pale. Kanuni ni mbili: asiyesoma hazungumzi, na kila aliyezungumza anaandika ukurasa mmoja kabla ya wiki ijayo na kuupitisha kwa wengine wausome. Msianze na vitabu vikubwa. Wiki ya kwanza, kila mmoja alete ukurasa mmoja wa ripoti kutoka fani yake mwenyewe. Chukueni kalamu nyekundu, mkatafute kila kitenzi kilicho katika hali ya kutendwa, na pembeni ya kila kimoja muandike jina la aliyetenda.